Mkuu, usilipie hizo taa mbili za "wati 400". Mimi nilishaumia

Simama hapo hapo. Umeandika kamati yenu ina milioni mbili na laki mbili, mnataka taa mbili kubwa za sola, moja kila kona, zimulike njia ya mita 200 kutoka kituo cha daladala hadi shuleni, na mkutano wa kulipa ni Jumamosi. Hiyo ni hadithi yangu mwenyewe. Tofauti ni kwamba zetu zilikuwa tatu na ziliandikwa wati 500, kwa hiyo kwa ujinga bado tunawazidi.

Nilikuwa mweka hazina wa kamati mtaani kwetu, Mbagala. Nikaenda Kariakoo, muuzaji akaiwasha taa ndani ya duka mchana kweupe, akanielekezea usoni. Nikaona nyota. Nikajisemea, hii ndiyo yenyewe! Halikunijia hata swali dogo kwamba taa inayoniumiza macho dukani itamfanya nini mtu wa baiskeli usiku. Akili yote ilikuwa kwenye kuomba apunguze bei.

Tukazifunga kwenye nguzo za mita nne, tukazilaza zitazame urefu wa barabara ili mwanga "ufike mbali", kama alivyotufundisha yule bwana. Wiki ya kwanza nilikuwa shujaa, mama mmoja akanitumia hadi maandazi. Wiki ya pili, saa mbili usiku, mzee mmoja muuza mikate anarudi kwake na baiskeli, taa inamchoma usoni, ukingo wa mtaro hauoni. Akaingia mzima mzima na kreti lake. Mfupa wa bega ukavunjika. Nilimtoa mtaroni kwa mikono yangu, na nilipoinua uso kutazama kule alikokuwa anaelekea, sikuona kitu: weupe mtupu mbele, chini yake weusi tii.

Halafu kati ya nguzo na nguzo kulikuwa na mita sabini, na huko ndiko vibaka walikohamia. Kibaka akisimama nyuma ya taa anakuona hadi vifungo vya shati, wewe humuoni. Wakenya zile taa zao za minara wanaziita mulika mwizi. Zetu zilikuwa zinammulikia mwizi. Yule mama wa maandazi akaniambia, "Baba, afadhali lile giza la zamani, tulishalizoea." Maandazi hayakuja tena.

Na kufika saa nne usiku zimezima zote! Ndipo nikachukua futi, hasira zimenijaa. Paneli sentimita 35 kwa 25. Mita nzima ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200 jua likiwa kali, kwa hiyo kale kapaneli hakafiki hata wati 18. Ukipata jua la nguvu saa tano kwa siku, ukaligawa kwa usiku wetu wa saa kumi na mbili, unabaki na taa ya wati saba. Saba! Hiyo 500 aliitoa kwenye namba yake ya simu labda. Nilipomrudia akaniambia "mawingu, bosi." Mwezi wa kwanza huo, jua la kupasua kichwa.

Sasa shika hili, mengine yaache. Azima taa MOJA, ifunge usiku pale pale barabarani. Mwambie mwenzako asimame hatua tano mbele yako, pale patakapokuwa katikati ya nguzo mbili. Usipomtambua kwa uso, usilipe. Kisha panda baiskeli uje ukiitazama taa. Ukikunja macho, usilipe.

Sisi tuliishia kwenye mageti. Kila nyumba balbu moja ya LED ya wati 9, ya njano, juu ya geti, imefunikwa kwa kopo la rangi lililokatwa ili mwanga ushuke chini, kwenye njia na mtaro, usimrukie mtu machoni. Inakula uniti tatu na kitu za LUKU kwa mwezi. Nyumba kumi na nne zilikubali, mbili zilikataa, na hapo kwenye hizo mbili ndipo mtu bado anatembea ameshika simu kifuani.

Yule mzee wa mikate anapita kila usiku. Ananisalimia, lakini pale kwenye mtaro anashuka na kuikokota baiskeli hadi leo.

Ijumaa usiku basi, mkuu, kabla ya huo mkutano. Kama uko pande za Mbagala njoo uchukue moja ya zangu. Ziko stoo, zote tatu, bure.