Baridi haiui, kinachochosha ni "dreich"

Binamu yangu kaniuliza kwenye grupu la ukoo, kwa utani wenye mwiba ndani: "Dada, baridi ya huko inaua kweli, au mnatutisha tusije?" Wiki tatu sijamjibu. Nisamehe mdogo wangu, Waskoti wana neno la mtu wa namna yangu, nami ninalifikia sasa hivi.

Baridi haiui. Unavaa, unazoea. Kinachonichosha mimi hapa Glasgow, Uskoti, kinaitwa dreich. Tamka "driikh", na hiyo kh itoke kooni kama unamwita Khamis. Nililisikia kwanza kwa bibi mmoja katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nilifungua pazia asubuhi, akatazama nje, akatamka neno hilo moja tu, akajifunika tena. Nje wingu limelalia mapaa, mwanga kama wa kibatari kinachoishiwa mafuta.

Nikadhani maana yake ni mvua. Siyo. Tanga kwetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, Glasgow vilevile, ila masika yetu yanamwaga, bati linapiga kelele, halafu jua linatoka na nguo zinakauka. Ya huku hainyeshi ukaridhika, wala haikatiki. Yale manyunyu membamba yana neno lake, smirr. Dreich ni siku nzima ilivyo: kijivu, majimaji, haiishi.

Na huko kutokuisha ndiko lilikotoka. Kwenye maandishi ya Kiskoti lina miaka kama 600, na nasaba yake inagusa drjúgr, neno la Waskandinavia wa kale la kitu kinachodumu. Maana ya hali ya hewa ilikuja baadaye. Zamani dreich ilikuwa safari isiyofika, mahubiri yasiyokwisha, mtu mzito wa kutenda (ndiyo mimi huyo). Ndugu yake ni dree, yaani kustahimili. Mwaka 2019 watu walipopigia kura maneno ya Kiskoti, hili ndilo lililoshinda. Sikushangaa.

Basi sikia. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Naingia kazini giza, natoka giza. Picha ninazowatumia zote ni za Juni. Kuna Jumapili nimelala mpaka adhuhuri bila ugonjwa wowote, mama akipiga simu naikata, kisha namwandikia kwamba nilikuwa zamu. Hilo sijamwambia mtu, na mama yumo humu kwenye grupu, basi leo kajua.

Ukija, mwavuli uache, upepo utaugeuza siku ya kwanza. Tafuta koti lisilopitisha maji, lenye kofia. Na kama tarehe unaichagua mwenyewe, fika Mei.