Sufuria ya chai ndo ilinifundisha kukaa kimya

Nilianza meditesheni mwaka juzi, baada ya kama miezi mitatu ya kutolala vizuri, yaani saa nane usiku macho makavu, nawaza ada ya watoto, nawaza mteja ambaye hajamalizia hela ya gauni lake, mpaka adhana ya alfajiri inanikuta niko macho. Mi ni fundi cherehani, nashonea hapahapa nyumbani Mbagala, na mteja wangu mmoja ndo akaniambia jaribu kukaa kimya ufuatilie pumzi zako. Nikaingia YouTube nikakuta mtu kakaa juu ya jiwe pembeni ya ziwa, kakunja miguu, mgongo umenyooka, hakuna hata jogoo anayewika. Nikajiambia na mimi nitafanya hivyohivyo, nusu saa kila siku. Miezi minne yote nilihangaika na hiyo picha.

Nyumba yetu tuko wapangaji sita, bomba moja, uwani pamoja. Saa kumi na moja jirani yangu ashawasha jiko la vitumbua, bodaboda zinapasha, watoto wanagombania ndoo. Mi nimefumba macho chumbani najitahidi kutulia huku moyoni nagombana na kila mtu, na nikifumbua nakuta zimepita dakika nne tu, nimechoka kuliko nilivyokaa. Jamani nisikilizeni kwenye hili, maana wengi wanaacha hapa: ukisubiri nyumba itulie hautaanza. Siku moja nikaona bora nisikilize hizo kelele zenyewe badala ya pumzi. Kitumbua kikigusa mafuta kinalia chwaaa, halafu sauti inashuka taratibu mpaka inabaki kama mvua ya mbali, halafu kinaingia kingine. Nilisikiliza vile vitumbua mpaka nikasahau kama nimekaa. Na nikaona wazi kwamba miezi yote ile kilichokuwa kinanichosha ni ule ugomvi wangu wa moyoni na mama wa watu anayetafuta riziki yake.

Mawazo sasa. Kila anayeanza anasema akili yangu haitulii, mi siwezi hii kitu. Akili ya mtu inawaza, ndo kazi yake, hata ukilala inaota. Mi nahesabu pumzi ninapoitoa, moja mpaka kumi, halafu narudi moja. Mwanzoni nilikuwa sipiti nne, nikifika nne nishaenda kwenye zipu ya gauni la harusi la Jumamosi. Kuna siku nashtuka niko kumi na saba, mdomo unahesabu wenyewe akili iko Kariakoo inanunua bitana. Ukishtuka hivyo usijitukane, rudi moja. Hako kadakika unaposhtuka ndo kazi imefanyika, na ukirudi mara thelathini ndani ya dakika tano umefanya zoezi mara thelathini.

Na kama pumzi inakupa shida, shika mshipa wa kwenye kifundo cha mkono. Mapigo yanakwenda haraka kidogo ukivuta hewa, yanapungua ukitoa, watu wengi wanaweza kuyasikia wakitulia. Ndo maana kutoa pumzi polepole kuliko unavyovuta kunapunguza mapigo ya moyo, mwili ndivyo ulivyoumbwa.

Miguu: usikunje kama huwezi. Mguu ukifa ganzi ni mishipa ya fahamu imebanwa tu, hamna cha kiroho hapo. Kaa kwenye kigoda au kiti cha plastiki, nyayo chini, usiegemee. Ukisinzia fumbua macho kidogo uangalie sakafu. Ila niseme ukweli, mi nilikuwa nasinzia kwa sababu nalala saa saba nashona oda za watu, na hiyo haina ujanja wowote zaidi ya kulala mapema.

Mama mdogo alikuja kunitembelea akanikuta nimekaa, akasubiri nimalize, nikampa shikamoo, akaitikia halafu akauliza kwa upole, "Mwanangu, unamuabudu nani hapo?" Ni swali la haki na wengi linawasumbua. Ni kweli mambo haya yamelelewa zaidi na Wahindu na Wabudha, sitaficha. Lakini kuna mwanasayansi wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979 alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu kwenye hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, kozi ambayo siku hizi ni ya wiki 8, na humo hakuna ibada yoyote. Zoezi moja ni kula zabibu kavu moja, unaitazama, unainusa, unaitafuna polepole. Mi hilo nilifanya na tende ya kufuturu, na kama kukaa kimya kunakushinda kabisa anzia hapo. Nikamwambia mama swala yangu ni swala, dhikri ni dhikri, na hii ni kutulia tu, sivichanganyi. Akaridhika.

Kilichobaki kunikwamisha ni kukatisha. Nilikuwa nakaa baada ya swala ya alfajiri, vizuri kabisa, lakini siku ambazo siswali, kama mwanamke, ratiba yote inavunjika, na nikirudi najiona naanza upya nakata tamaa. Kuna msiba ulinipeleka Tanga wiki nzima nikaja kukaa tena baada ya mwezi. Sasa nikatafuta kitu nisichokosa siku yoyote ya mwaka, nikakuta ni chai. Naweka sufuria jikoni, nakaa kwenye kigoda mlangoni, simu naiacha chumbani, nasikiliza maji. Kwanza kimya, halafu yanaanza kuguna chini chini, halafu yanachemka kweli, ndo naamka naweka majani. Sihitaji taima wala apu. Chai ya watu watano inachukua kama dakika kumi, ya mtu mmoja ni dakika tatu, na dakika tatu nazo ni siku iliyohesabika. Nikisafiri naenda na utaratibu wangu, maana kila nyumba wanachemsha maji.

Kitu kimoja msikipuuze. Kama umefiwa karibuni au kuna jambo zito limekupata, ukifumba macho ukaona linakuja lote kwa pamoja, moyo unaenda mbio, usijilazimishe. Fumbua macho, simama, tembea uwani ukihesabu hatua, na likiendelea nenda hospitali uongee na watu wa afya ya akili, hata Muhimbili wapo. Mi wiki ile ya msiba Tanga sikukaa hata siku moja. Nilikuwa nachambua mchele na wanawake wenzangu uani, punje moja moja, na kwa wakati ule ilinitosha.