Re: Sarafu zote kwenye kifaa, au zibaki kwenye simu?

Mkuu, umeuliza kama uhamishie sarafu zako zote za kidijitali (kama Bitcoin) kwenye kifaa cha funguo, yaani kidude kinachotunza funguo za siri za sarafu hizo nje ya mtandao, wakati unalipa watu kila wiki. Gawa. Kwenye simu bakiza matumizi ya wiki mbili, kiasi ambacho simu ikiibwa utanuna siku moja tu. Kilichobaki kiende kwenye kifaa.

Kabla ya kuweka akiba, tuma kiasi kidogo, futa kifaa chote, kisha kirejeshe kwa yale maneno 24 ya siri ambayo kifaa kilikupa mwanzoni uone kama salio linarudi. Wengi huruka hatua hii. Maneno yaandike kwa mkono, usiyapige picha. Picha huweza kujipakia zenyewe mtandaoni.

Nenosiri la ziada, lile unaloweza kuongeza juu ya yale maneno 24, lina mtego: ukikosea hata herufi moja kifaa hakilalamiki, kinafungua pochi nyingine, tupu.

Mpango wa funguo 2 kati ya 3, ambapo kila malipo lazima yaidhinishwe na funguo mbili kati ya tatu, ni mzuri kwa kiasi kikubwa, ila hifadhi pia nakala za funguo za umma zote 3 (ile sehemu ya kila ufunguo isiyo ya siri). Ufunguo mmoja ukipotea bila nakala hiyo, mbili zilizobaki haziwezi kuijenga pochi upya. Kwa malipo ya kila wiki, mimi nisingeuthubutu. Utachoka mwezi wa kwanza.