Mwanangu anaongea Kinorwei, mimi bado: ni umri?

Swali: Mwalimu, nina miaka 41, natoka Bukavu, na huu ni mwaka wa nne niko Trondheim. Kozi nilimaliza, cheti ninacho, lakini mtaani siambulii kitu. Tukienda kwa daktari, mwanangu wa miaka 9 ndiye ananisemea. Kazi yangu ni usafi wa ofisi, usiku. Je, kichwa kimeshachoka?

Jibu: Hapana, dada. Umri unabana zaidi lafudhi. Kwa kasi ya mwanzoni, mtu mzima haachwi na mtoto. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti wa wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi: miezi ya kwanza, vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima walitangulia, na watoto wa miaka 3 hadi 5 walikuwa mkiani. Watoto huja kuwapita baadaye.

Mwanao amekupita kwa saa. Kutwa nzima shuleni kuna mtu anamngoja ajibu: mwalimu, au mwenzake aliyeshika mpira. Wewe uko na ndoo na mopu, ofisi tupu, wenyewe wamelala. Miaka minne umeishi Norwei, lakini ukihesabu saa ulizoongea Kinorwei, sidhani kama zinafika miezi michache.

Tena kuna jambo ambalo kozi nyingi hulipitia juujuu. Darasani ulifundishwa kusema “jeg vet ikke”, yaani sijui. Ukitoka nje, Trondheim inakujibu maneno hayohayo kwa lahaja yake: “æ veit itj”. Si masikio yako yaliyoharibika. Ni kama mtu aliyesoma “wanakuja” kitabuni, akashuka Bukavu akasikia “banakuya”. Lahaja haifundishwi na cheti, inazoeleka kwa kusikilizwa kila siku, kwa hiyo fungua redio ya mkoa wako unapopiga deki. Usijilazimishe kuisema. Ukisema “jeg” ya darasani, watakuelewa tu.

Wanaoteseka kweli ni wale waliofika bila kujua kusoma na kuandika kwa lugha yoyote, maana wanajifunza herufi na Kinorwei kwa pamoja. Wewe mzigo huo huna.

Kwa daktari, mwache mtoto. Tangu 2022 sheria ya ukalimani inakataza ofisi za umma kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura na hali nyingine chache. Omba mkalimani, ni haki yako, na habari za tumbo lako si za mtoto wa miaka 9. Ila dukani na kwenye basi, yeye anyamaze, useme wewe.

Maktaba nyingi huandaa språkkafé, yaani vikao vya kuzungumza Kinorwei, bila malipo. Nenda, ingawa mara nyingi utakuta wageni wenzako wengi kuliko wenyeji. Mimi ningeanzia kazini: mwombe msimamizi zamu mbili tu za mchana kwa wiki, ofisi zikiwa na watu. Akikataa, kuna wazazi wanaosimama pembeni ya uwanja watoto wakicheza mpira. Waulize mechi inaanza saa ngapi, hata kama unajua.