Bibi yetu hakustaafu, alihamia kazi za kuketi

Mmeuliza wiki hii: mama wa nyumbani hustaafu lini? Najibu kwa maisha ya bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Mtambwe, Pemba, na akazikwa huko huko. Hakustaafu. Kila mwili ulipomkatalia kazi moja, alihamia nyengine iliyo nyepesi zaidi: za kusimama zilipomshinda akashika za kuinama, za kuinama zilipomshinda akashika za kuketi. Mimi huyapanga maisha yake hivyo kwa sababu tarehe hana. Alizaliwa zama za Seyyid Khalifa, sultani wa Zanzibar, na Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na mtoto mgongoni na mwengine tumboni. Mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi ulikadiriwa tu.

Za kusimama ni zile ambazo kila mwanamke wa shamba anazijua: ndoo ya maji kutoka kisimani, mzigo wa kuni, kinu na mchi. Sitazieleza. Nataka nieleze makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi, kwa sababu ndiyo yaliyotusomesha, na vijana wengi wa mjini wanayajua kwa harufu tu.

Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa chini, makumbi hukusanywa yakapelekwa pwani, kwenye tope la mikoko ambako maji hujaa na kukupwa. Hapo huchimbwa shimo, makumbi yakafukiwa na kukandamizwa kwa mawe, yakaachwa miezi hata nyama yake ioze zibaki nyuzi. Kila mwanamke ana shimo lake na mawe yake, na sijasikia hata mara moja kuwa mtu kaiba makumbi ya mwenziwe. Kufukua kunataka maji ya bamvu, bahari inapotoka mbali, kwa hiyo Bibi aliishi kwa kuufuata mwezi wa angani. Ukiandama, au ukiwa mpevu, sisi wajukuu tulijua kuwa chakula cha mchana kitapikwa alfajiri na kufunikwa, na kwamba yeye atarudi na tope hadi magotini na mzigo kichwani unaomchuruzikia maji mabegani.

Kisha hupigwa. Aliketi chini ya mwembe na gongo lake, akipiga kumbi moja moja mpaka uchafu utoke na usumba, yaani zile nyuzi, ubaki safi. Usumba ukianikwa ukakauka, husokotwa kamba kwa viganja, na viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba akikupapasa uso unahisi mikwaruzo. Kanga za pwani alizitenga na za nyumbani. Akimaliza kuoga hujifukiza udi, akavaa safi, na mgeni akiingia saa kumi jioni hawezi kudhani kuwa huyu ndiye aliyekuwa topeni asubuhi. Hilo nililiheshimu sana kwake.

Kamba zile zilifunga fito za nyumba za udongo, ziliwamba vitanda, zilikwenda mjini Wete kwa wanunuzi. Mama yangu na ndugu zake wote walinunuliwa sare na madaftari kwa kamba. Babu alikuwa mvuvi, na siku za pepo kali dema, mtego wake wa samaki, halishushwi, basi nyumba ikabaki kwa Bibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipoadimika kisiwani, ni muhogo aliolima yeye uliowavusha. Haya aliyataja mara chache, tena kwa ufupi.

Kamba za nailoni zilipoenea bei ya kamba za makumbi ikaanguka, na magoti nayo yakaanza kumsumbua. Topeni akapunguza, akazidisha bondeni kwenye mpunga: kupalilia, kuamia (kufukuza) ndege, kuvuna. Mgongo ulipokataa kuinama, akabaki na karafuu. Alikuwa na mikarafuu aliyorithi kwa baba yake. Wanaume na vijana hupanda kuchuma, na usiku mashada humiminwa chini, watu wa nyumba wakazunguka kuchambua, karafuu huku na makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Yeye aliweza kuchambua huku anasimulia, macho yakiwa kwetu na vidole vikiendelea. Makonyo hakuruhusu yatupwe, kwani nayo huuzwa yakakamuliwa mafuta. Asubuhi yeye ndiye aliyeamua kama majamvi ya kuanikia karafuu yatandikwe au yasubiri, kwa kulitazama wingu tu, na wajomba zangu, watu wazima wenye wake, walimsubiri aseme.

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Mama mdogo alimpeleka kupokea. Bibi alizishika zile noti akauliza, "Hizi za kazi gani, mwanangu?" Akaambiwa ni za uzee. Akasema alhamdulillahi, lakini njiani akarudia kumuuliza mama mdogo kama hakuna atakayekuja kumtaka kazi. Mimi naishukuru pensheni ile kwa moyo wote. Kwa mara ya kwanza alikuwa na pesa inayokuja hata kama mvua imenyesha juu ya majamvi. Ila jibu alilostahili kupewa siku ile ni "za kazi yako yote." Ningekuwepo ningemwambia hivyo mbele ya watu.

Sehemu ya fedha za mwanzo alinunua ukindu na rangi. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa mkeka: ameegemea ukuta barazani, miguu kainyoosha, anasuka. Macho yalipofifia akasuka mweupe usio na rangi, kwa kupapasa, na wajukuu wa kike wakawa wanashona mikeka. Siku mbili kabla ya kufariki aliuliza kama mpunga umeshaanikwa.

Baada ya khitma, mikarafuu yake iligawiwa kisharia na kila mwenye haki akapata fungu lake. Shimo la makumbi halikutajwa katika mirathi, kwani pwani haina hati. Mama mdogo amelichukua, kwa mawe yale yale, na bamvu hili anafukua.