Redio ya valvu inayonguruma: usiiwashe tena kwanza

Kaka, umesema redio ya mawasiliano ya marehemu baba, ya miaka ya 1960, inayotumia valvu (taa za kioo zilizotangulia transista), imekaa kabatini hapo Chumbageni, Tanga, miaka kumi, na sasa ukiiwasha inanguruma. Pole. Mara nyingi ni kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) kubwa za pawasaplai, sehemu inayoipa redio umeme, zimekauka.

Chomoa waya ukutani, lakini usiingize mkono bado. Kapasita hizo hubaki na volti 300 au zaidi, zinaua. Ziunganishe na chesisi (fremu ya chuma ya redio) kupitia rezista, kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme, ya kilo-omu 10 kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita ya volti. Usizipige shoti kwa bisibisi.

Weka mpya zenye maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na upande hasi usikosewe. Kabla ya kuwasha, pitisha umeme wa redio kwenye balbu ya waya ya wati 60 iliyounganishwa nayo mfululizo, siyo ya LED: ikiwaka kali bila kufifia, kuna shoti, zima.

Halafu chumvi ya bahari yetu, inakula metali! Kwenye yangu nilikuta kishikio cha fyuzi kimeota unga wa kijani. Kisugue kwa spiriti, na redio ikishatengemaa iwashe kila mwezi.

Transfoma ikinuka kuungua, mpelekee fundi anayezijua valvu.