Mtikisiko wa kulipua handaki: shida siyo jumla ya baruti, ni ile inayolipuka kwa mpigo mmoja

Mkuu, umesema mmepunguza baruti kwa robo nzima na bado kifaa kwenye nyumba ya juu ya handaki kinasoma zaidi ya 5 mm/s (kasi ya ardhi inavyotikisika). Pole, yalishanikuta hayo hayo. Na sisi tulikata baruti kwenye mashimo ya pembeni kwa vile ndiyo mengi, tukajiona tumeokoa kilo za kutosha, grafu ikatoka vile vile kama hatujafanya kitu.

Siku moja nikaichukua ile grafu nikaweka chini yake karatasi ya muda wa ditoneta (viwashio vya baruti, kila kimoja kina namba inayosema shimo lake lilipuke lini). Kilele chote kipo mwanzoni, kama milisekunde 300 za kwanza, huko mbele kwenye sekunde zinazofuata ni vimlima vidogo vidogo tu. Maana yake ni yale mashimo ya katikati yanayoufungua mwamba. Yale hayana pa kusukumia zaidi ya yale matundu matupu mliyochoronga pembeni yake, mwamba umebanwa kila upande, kwa hiyo nguvu iliyokosa pa kutokea inaingia ardhini. Ukipunguza pembeni hujagusa ugonjwa.

Tulipokagua tukakuta namba za mwanzo za ditoneta kila moja ina mashimo mawili, yaani yanalipuka pamoja. Basi kila shimo la katikati likapewa namba yake. Hapo mimi nikaharibu, maana nilikuwa nimeisoma ile kanuni ya milisekunde 8 (mashimo yakiachana kwa 8 au zaidi unayahesabu kama milipuko tofauti) nikazipanga ditoneta za elektroniki (zile unazozipangia muda mwenyewe) kwa kuachana milisekunde 10, nikajiona fundi kweli kweli. Mwamba haukupata muda wa kutoka! Ulisagika ukajishindilia humo humo kwenye tundu, mashimo yaliyofuata yakakosa nafasi, mtikisiko ukapanda kuliko wa mwanzo na asubuhi tukakuta vitako vya mashimo vimebaki ukutani. Tulipoachanisha kwa 75 mpaka 100 pale katikati ndo mambo yakatulia. Ile 8 ni ya kuhesabia kilo za baruti zinazolipuka kwa mpigo mmoja, haikwambii mwamba unahitaji muda gani kutoka. Na hata kwenye kuhesabia, ukienda mbali mawimbi yanarefuka yanapandiana, usiiamini kichwa kichwa.

Kingine watu hawakitegemei: ditoneta za kawaida za nusu sekunde (kila namba inaachana na inayofuata kwa nusu sekunde) hazilipuki sawasawa hata zikiwa namba moja, ile dawa ya kuchelewesha inaungua kwa kutofautiana, na kadri namba inavyokuwa kubwa ndivyo zinavyotawanyika. Mashimo kumi ya namba ya mwisho kwa kawaida yanajigawa yenyewe. Sasa ukihamia elektroniki ukayapa yote kumi muda mmoja, yatalipuka pamoja kweli kweli, umenunua kitu cha gharama ili uongeze mtikisiko. Lazima uyagawe mwenyewe.

Kama muda umeshapanga vizuri na bado unasoma juu, hapo fupisha urefu wa kuchoronga, toka mita 3 njoo 1.5, kila shimo litabeba kama nusu ya baruti. Lakini usitegemee mtikisiko nao ushuke nusu, kwa kawaida ni kama asilimia 40, kwa sababu kwenye hesabu kilo zinaingia kwa kipeo cha karibu 0.8. Ndo maana nasema muda kwanza, kufupisha kunakula ratiba.

Halafu hakikisha geofoni (kile kifaa cha kupima mtikisiko) imefungwa kwa bolti au plasta, siyo imewekwa tu sakafuni, ikirukaruka inakudanganya. Na tazama masafa ya mtikisiko pia (unatikisika mara ngapi kwa sekunde), 5 mm/s kwenye hezi 8 inaisumbua nyumba kuliko hiyo hiyo kwenye hezi 60.

Tupia hapa grafu na mpangilio wa namba, hasa zile sita za mwanzo, tuone zimekaaje.